Hadubini ya kwanza kwa mtoto wa miaka minane: ninunue ipi?

mama_mza

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa wanaovijua vifaa vya maabara. Binti ana miaka minane, yuko darasa la tatu, na kila kinachotambaa kinaishia kwenye kikopo chake. Nataka kumnunulia hadubini. Bajeti ni laki mbili na nusu, nikijibana sana laki tatu. Nipo Mwanza, umeme unakuja na kuondoka.

Mtandaoni nimeona tatu. Ya kwanza ni seti ya plastiki kwenye mkoba, imeandikwa mara 1200, ina lenzi za 300, 600 na 1200, bei chini ya laki. Ya pili ni ya chuma, imeandikwa mara 40 hadi 400 basi, na bei yake inazidi mara mbili ya hiyo ya kwanza. Ya tatu ni ndogo ya mkononi, inachomekwa kwenye kompyuta au simu, wanasema mara 1000.

Kinachonichanganya: mbona yenye namba ndogo ndiyo ghali? Na kaka yake anauliza kama wataweza kuona vimelea vya malaria. Natanguliza shukrani.

fundi_lenzi

Dada, hiyo namba 1200 iache hapo hapo kwenye mkoba wake.

Ukuzaji ni hesabu ya kuzidisha tu: lenzi ya jicho, ambayo kwa kawaida ni mara 10, kwa lenzi ya chini inayokaribia kitu. Nne kwa kumi ni 40, kumi kwa kumi ni 100, arobaini kwa kumi ni 400. Mtengenezaji akitaka namba kubwa anabandika lenzi kali ya jicho, kazi imekwisha. Undani wa picha hauongezeki hata kidogo, kwa sababu undani unaletwa na lenzi ya chini, kutegemea inakusanya mwanga kwa upana gani. Upana huo huchongwa ubavuni mwa lenzi. Lenzi ya kweli ya mara 40 utaikuta imeandikwa 40/0.65, na chini yake 160/0.17. Hiyo 0.65 ndiyo ya kuitazama. Izidishe kwa 1000 upate 650, na hapo ndipo ukuzaji wenye faida unapokomea. Ukipita hapo picha inakuwa kubwa na kufifia, jipya huoni. Kwa hiyo hata zile za chuma zinazotangazwa "hadi 1000" ziulize swali moja: hiyo elfu imetoka wapi? Kama ni lenzi ya chini ya 40 na ya jicho ya 25, hiyo ni elfu ya karatasi. Elfu halisi inatokana na lenzi ya chini ya mara 100, yenye 1.25 ubavuni, inayofanya kazi ikiwa imezama kwenye tone la mafuta maalumu.

Yale maandishi mengine nayo yana maana. 160 ni urefu wa bomba kwa milimita. 0.17 ni unene wa kavaslipu, kile kioo chembamba cha kufunikia sampuli, kwa milimita pia. Ukiyaona ujue lenzi imetengenezwa kwa kipimo cha kimataifa. Uzi wa skrubu yake huwa na kipenyo cha milimita 20.32, na siku ikivunjika unanunua lenzi moja badala ya hadubini nzima. Zile za plastiki lenzi zake huwa zimeunganishwa moja kwa moja na mwili. Ikiharibika moja, basi.

Ila ubaya mkubwa wa seti ya plastiki ni kwamba haina ukuzaji mdogo. Ukiwa na lenzi ya kawaida ya jicho, kwa mara 40 unaona duara la milimita 4.5 hivi. Kwa mara 100 linakuwa 1.8. Kwa 400 linabaki 0.45, yaani chini ya nusu milimita. Sasa mtoto anayeanzia mara 300 anatafuta mguu wa sisimizi ndani ya duara lenye upana wa nusu milimita na ushee, picha imegeuka juu chini, meza inatikisika, na taa ni hafifu. Haoni kitu. Wiki ya pili mkoba unarudi juu ya kabati. Kwa mtoto, ukuzaji mdogo kuliko wote ndio wa kuangalia kwanza.

Kwa hiyo kati ya hizo tatu, ya chuma. Hakikisha ina lenzi za kioo za 4, 10 na 40, skrubu mbili za kulengea, kubwa na ndogo, na chini ya jukwaa, pale sampuli inapowekwa, kuwe na sahani ya matundu au diaframu ya kupunguzia mwanga. Bila hiyo diaframu, vitu visivyo na rangi kama seli za kitunguu vinapotea kwenye mwanga mwingi. Kwa kuwa umeme wenu si wa kutegemea, tafuta yenye taa ya LED inayokubali betri ndogo za AA, au yenye kioo cha kumulikia. Kioo hicho kina nyuso mbili: kama chini ya jukwaa kuna kondensa (lenzi ya kukusanyia mwanga) tumia upande bapa, kama hakuna tumia ule mbonyeo unaokusanya mwanga. Kielekeze kwenye anga jeupe au ukuta mweupe. Kwenye jua lenyewe, kamwe. Mwanga wake ukipita kwenye lenzi unaunguza jicho kabla mtoto hajapepesa.

Malaria: hapana. Maabara za hospitali zinatumia ile lenzi ya 100 ya mafuta, damu iliyopakwa na kutiwa rangi ya Giemsa, na jicho lililofundishwa. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8, na kimelea kichanga ndani yake ni sehemu ndogo tu ya hapo. Usinunue hadubini ya mtoto kwa ajili ya hilo, na usiwaache wachomane sindano nyumbani.

bwanashamba_wadudu

Kwenye namba namuunga mkono fundi. Kwenye aina ya kununua, siafikiani naye.

Mama kasema binti anakusanya vinavyotambaa. Hiyo ya chuma ya 40 hadi 400 ni ya vitu vyembamba vinavyopitisha mwanga kutoka chini. Mende mzima ukimweka pale utaona kivuli cheusi chenye kingo. Halafu lenzi ya 40 inakaa karibu nusu milimita juu ya kioo, mdudu hata haingii. Mtoto wa aina hii anahitaji hadubini ya stereo: ya macho mawili, taa inamulika kutoka juu, ukuzaji mara 20, au 20 na 40 kwa kuzungusha lenzi. Kati ya lenzi na kitu kuna nafasi ya sentimita kadhaa, kwa hiyo mkono na kibano vinapita. Picha imesimama wima, ukisukuma kushoto inakwenda kushoto. Slaidi, kile kioo cha kuwekea sampuli, haihitajiki. Kwa mara 20 unaona eneo la kama milimita 10, punje nzima ya mahindi inaenea.

Na kazi ipo tele. Chukua mahindi yaliyobunguliwa. Mdudu mwenye pua ndefu iliyochongoka mbele ni fukusi. Aliye mfupi mviringo, kichwa kimefichwa chini ya mgongo usimwone ukimtazama kutoka juu, ni dumuzi, yule wanayemwita Scania, aliyeingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 akitokea Amerika ya Kati. Kwa macho matupu wote ni vijipunje vya kahawia vya milimita tatu, nne. Kwa mara 20 mtoto anawatenganisha ndani ya dakika moja.

Swali la kaka mtu kuhusu malaria nalo lina jibu hapa. Kimelea hawatakiona, lakini mbu wanayeweza kumbeba watamtambua. Chukua mbu jike, ambaye vipapasio vyake havina manyoya mengi (dume anavyo vyenye manyoya tele). Tazama pembeni mwa mrija wa kufyonzea. Jike la Anopheles lina vijiti viwili virefu karibu sawa na mrija wenyewe. Jike la Culex, yule wa mitaroni, vijiti vyake ni vifupi, vimeishia karibu na kichwa. Mara 20 zinatosha kabisa.

Wadudu wasiumizwe kwa kubanwa: waweke kwenye kikopo, kikopo ndani ya friza usiku kucha, asubuhi wametulia na miguu haijavunjika. Ukishawatoa, acha kikopo kimefungwa mpaka kipate joto la kawaida, la sivyo mvuke utagandia kwenye mabawa.

Kasoro moja ya stereo kwa watoto: umbali kati ya macho. Vichwa vingi vinarekebishika kuanzia milimita 55 hadi 75. Mtoto wa miaka minane anaweza kuwa na 52 au 53, hapo ataona duara mbili zisizoungana na atafumba jicho moja. Mpime kwa rula: kutoka katikati ya mboni moja hadi katikati ya nyingine, akitazama mbali. Kisha muulize muuzaji kichwa kinabana hadi ngapi. Asipojua, aipime mbele yako.

Na kama pesa haitoshi chochote, nunua lupu ya sonara ya mara 10 yenye lenzi ya kioo. Anaiweka jichoni kabisa, analeta kitu hadi kama sentimita mbili na nusu. Watu wengi huishika mbali na jicho, ndiyo maana hawaoni kitu.

mama_mza

Asanteni sana, nimeelewa kuhusu namba. Zote mbili siwezi. Na ile ya kuchomeka kwenye kompyuta hamjaigusa, nayo naona ni ya bei ya chini na inapiga picha.

fundi_lenzi

Ile si mbaya, uongo uko kwenye namba tu. "Mara 1000" pale inategemea ukubwa wa skrini: ukiiunganisha na televisheni kubwa zaidi wangeandika elfu mbili. Jipimie mwenyewe. Weka rula chini yake, lenga kwa karibu kadiri inavyokubali, hesabu ni milimita ngapi zinaenea kwenye upana wa picha. Tuseme ni 5, na picha kwenye skrini yako ina upana wa sentimita 30. Milimita 300 gawanya kwa 5: mara 60. Nyingi zinaishia humo, wakati mwingine mia na kitu. Kabla ya kununua mwombe muuzaji akutumie picha ya rula iliyopigwa na kifaa chenyewe. Asiyetaka kutuma, achana naye.

Inachoweza: wadudu, kitambaa, noti, ngozi, majani kwa juu. Inachoshindwa: seli. Tatizo jingine ni kistendi. Vile vistendi vya plastiki vyenye shingo ya kupinda vinayumba, na kwa mara 60 mtikisiko wa kidole ni tetemeko kwenye skrini. Ukiipata yenye nguzo ya chuma na skrubu ya kupandisha na kushusha, inafaa. Halafu kwa simu angalia kama inahitaji programu ya kupakua kutoka tovuti usiyoijua. Chagua inayotambulika kama kamera ya kawaida tu.

Hata hivyo, kwa mtoto, kutazama skrini na kutazama ndani ya lenzi ni mambo mawili tofauti. Skrini wanazo tayari.

Na niseme hivi kwa bwanashamba: kwa miaka minane na vikopo vya wadudu, nakubali, stereo itangulie. Akifika kumi, kumi na moja, akianza kuuliza jani limejengwa na nini, hapo ndipo ya 400 inapokuja.

mwl_maabara

Naongeza upande wa sampuli, maana watu hununua kifaa halafu hawajui waweke nini.

Mama uko Mwanza, nianze na maji. Mtoto atataka maji ya ziwa au ya bwawa. Asiingie kuyachota mwenyewe. Mabuu ya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote. Kusimama mpaka kwenye vifundo kunatosha. Achote mtu mzima kwa kikombe kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, akiwa nchi kavu na amevaa glavu. Chota bila konokono, weka kwenye chupa ya mdomo mpana, funika, acha siku mbili kamili hadi tatu kabla mtoto hajayagusa. Mabuu yale hayaishi zaidi ya siku moja hadi mbili bila kupata mwili wa kuingia. Konokono akiwemo hesabu hiyo haifai, kwa sababu anaendelea kuyatoa. Kisha mikono inaoshwa kwa sabuni kila mara.

Njia salama zaidi ni kuotesha vijidudu nyumbani. Lita moja ya maji ya mvua, au ya bomba yaliyokaa wazi saa 24 ili klorini iondoke. Kiganja kimoja cha nyasi kavu, na kijiko cha udongo wa bustani. Funika kwa kitambaa kilichofungwa kwa mpira, vinginevyo utafuga mbu. Weka kivulini siku nne hadi saba. Yatanuka, ni kawaida. Juu patatanda utando. Chukua tone chini yake kidogo kwa dropa. Kwa stereo ya mara 20 vijidudu hivyo ni nukta zinazokimbia. Kwa mara 100 ndipo utaona paramisiamu, kijidudu cha seli moja, urefu wa kati ya sehemu moja na tatu za kumi za milimita, anajizungusha akienda. Akikimbia sana, tandaza nyuzi chache za pamba ndani ya tone, atakwama kwenye vyumba vyake.

Kwa stereo, mbali na wadudu: mchanga wa ufukweni, chumvi na sukari upande kwa upande, kuvu ya mkate (ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, usifunguliwe), mbegu zinazochipua, ua lililopasuliwa katikati, manyoya ya kuku. Mchanga wa pwani, mkipata mtu wa kuwaletea, una vipande vya matumbawe, miiba ya urchini na magamba madogo ya foraminifera (vijidudu vya baharini) yenye vyumba vya mzunguko. Mwekee mtoto karatasi nyeusi chini ya vitu vyeupe na nyeupe chini ya vitu vyeusi. Jambo dogo, lakini nusu ya malalamiko kwamba "hakionekani" yanaishia hapo.

Akija kupata ya 400, kitunguu maji kinabaki mwanzo mzuri. Pasua, chukua gamba moja nene, upande wake wa ndani bandua ngozi laini inayong'aa. Kipande kisizidi ukucha wa kidole kidogo. Tone la maji kwenye slaidi, tandaza bila mikunjo, kisha tone la iodini ya duka la dawa uliyoichanganya na maji hadi iwe na rangi ya chai ya rangi. Subiri dakika mbili. Kavaslipu ishushwe kwa mshazari, ukingo mmoja uguse maji kwanza, halafu iachilie taratibu kwa ncha ya sindano. Ukiiangusha bapa unapata viputo: miduara yenye ukingo mweusi mnene. Watoto wote huvishangilia wakidhani ni seli. Seli za kitunguu ni za mstatili kama matofali, na kila moja ina kiini chenye rangi ya kahawia.

Matundu ya hewa ya majani hayahitaji hata kukata: paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani, acha ikauke kabisa, bandika selotepu, ivute, uibandike kwenye slaidi. Unachotazama ni alama iliyobaki kwenye rangi.

Kuna pia Foldscope, hadubini ya karatasi ya kukunja iliyobuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ina lenzi moja ndogo ya mviringo, ukuzaji mara 140, inaingia mfukoni na haihitaji umeme. Paramisiamu na seli za kitunguu zinaonekana. Inahitaji jicho ligusane karibu kabisa na lenzi na mikono iliyotulia, kwa hiyo mwaka wa kwanza mzazi asaidie. Kwa mwenye stereo tayari, hii inaziba pengo la ukuzaji bila kununua mashine ya pili.

mpwani_msa

Mimi niko Mombasa, na huku kinachoua hadubini ni unyevu. Nadhani hata huko ziwani mnao.

Kuvu huota juu ya lenzi, na hata ndani kati ya vioo viwili. Inaonekana kama nyuzi za buibui zinazotawanyika kutoka pointi moja. Ikiwa juu inafutika. Ikiwa ndani na imekaa sana, inakula ile rangi ya kinga ya kioo na alama haitoki tena.

Usiifungie kwenye sanduku la mbao ililokuja nalo. Mbao hushika maji. Tafuta ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana vizuri, au kontena kubwa la jikoni, weka ndani gramu 100 hadi 200 za silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, kwenye mfuko wa kitambaa. Chukua ile ya rangi ya machungwa inayogeuka kijani ikishiba maji. Ile ya buluu inayogeuka waridi ina chumvi ya kobalti, si ya kuweka karibu na watoto. Ikishageuka, ianike kwenye oveni nyuzi 120 kwa kama saa mbili, itarudi rangi yake. Vile vifuko vidogo vya ndani ya viatu vipya havitoshi, na mara nyingi vimeshashiba kabla hata hujavitoa kwenye boksi.

Kusafisha: kwanza pampu ya mpira ya kupulizia vumbi. Usipulize kwa mdomo, utatema mate. Kisha karatasi ya lenzi au kijiti cha pamba kilicholowa kidogo tu alkoholi ya isopropili, zungusha kutoka katikati kwenda nje, mara moja, tupa, chukua kingine. Ncha ya leso, tishu za mezani na kona ya fulana ziache. Vumbi lililonasa humo ni mchanga, linakwaruza. Spiriti ya buluu ya dukani inaacha utando wa rangi. Na hiyo alkoholi isimwagikie plastiki wala maandishi ya mwili.

mama_mza

Nawashukuru nyote, hii ni elimu ya bure kabisa. Nimepata mtu anauza stereo ya 20 na 40 iliyotumika, iko ndani ya laki tatu, anasema ilitoka Marekani. Nikienda kuiona nikague nini?

fundi_lenzi

Nenda na rula, betri ya simu iliyojaa na nusu saa.

Kwanza plagi. Ikiwa imetoka Marekani, soma kibandiko chini. Kikisema 110 au 120V peke yake, ukiichomeka kwenye 230 ya kwetu taa inaungua papo hapo, pengine na transfoma. Kikisema 100 hadi 240 hakuna shida. Hata kama ni 110, usiikatae kwa hilo pekee: ipunguze bei, kisha utumie taa ndogo ya LED ya mezani yenye shingo ya kupinda. Stereo haijali mwanga unatoka wapi, mradi unamulika kutoka pembeni, kiasi cha nyuzi 45, ili vivuli vionyeshe umbo.

Pili, ambalo ndilo muhimu kuliko yote kwa aina hii: je, macho yote mawili yanatazama mahali pamoja? Weka rula, lenga mstari mmoja uwe katikati kabisa ya duara. Fumba jicho la kushoto, kisha la kulia, bila kusogeza kichwa. Mstari ukihama kidogo sana, sawa. Ukiruka milimita moja au zaidi, au mmoja ukiwa juu na mwingine chini, prizimu ya ndani imehama kwa sababu iliwahi kuangushwa. Ubongo utajitahidi kuunganisha, mtoto ataumwa kichwa na hatajua kwa nini. Hiyo iache, hata kama ni ya bure. Kuilinganisha upya kunahitaji fundi mwenye vifaa vyake.

Kabla ya kuihukumu, ipange kwanza. Bomba moja la jicho, kwa kawaida la kushoto, lina pete ya kuzungusha. Lenga kwa jicho la kulia mpaka iwe safi, kisha fumba la kulia na uzungushe pete mpaka la kushoto liwe safi pia. Wengi hukataa mashine nzima kwa kutojua pete hiyo.

Tatu, toka 20 kwenda 40 kwa kuzungusha. Picha inatakiwa ibaki karibu safi, kwa kurekebisha kidogo tu. Nne, lenga, ondoa mkono, hesabu dakika moja. Picha ikififia yenyewe, kichwa kinashuka kwa uzito wake. Kwenye nyingi unashika skrubu zote mbili za pembeni na kuzizungusha kwa kinyume, moja mbele moja nyuma, inakaza. Ikiwa ngumu kabisa, grisi imekauka, inasafishika.

Tano, madoa. Tazama karatasi nyeupe. Zungusha lenzi ya jicho: doa likizunguka nayo, liko humo, linafutika. Lisipozunguka liko chini au ndani. Kisha chomoa lenzi ya jicho, mulika tochi ya simu kwa mshazari kupitia bomba ukitafuta zile nyuzi alizozieleza mpwani.

Umbali wa macho pia, usisahau. Nenda na binti mwenyewe ikiwezekana.

kijana_wa_dip

Samahani mama kwa kudandia uzi wako. Nina ile ya kawaida ya 40 hadi 400. Kwa 4 na 10 naona safi, nikienda kwenye 40 picha inagoma, inakuwa maziwa tu. Lenzi imeharibika?

mwl_maabara

Kabla ya kuilaumu lenzi, geuza slaidi. Ikiwa imewekwa juu chini, sampuli iko upande wa pili wa kioo chenye unene wa milimita moja, na lenzi ya 40 inahitaji kukaribia hadi kama nusu milimita. Haiwezi kufika, itagonga kioo kwanza. Lenzi za 4 na 10 zina nafasi kubwa, ndiyo maana hazilalamiki. Hii ndiyo sababu ninayokutana nayo kuliko zote darasani.

Kama slaidi iko sawa, angalia kavaslipu. Isipokuwepo, au zikiwa mbili zimeshikana, picha ya 40 inafifia kwa sababu lenzi imepigiwa hesabu ya 0.17 ile ile aliyoitaja fundi. Maji mengi mno chini yake nayo yanainua kioo. Yanyonye pembeni kwa kipande cha tishu.

Ikibaki maziwa hata hapo, safisha uso wa lenzi. Kwa kuwa inakaa karibu sana, huwa imegusa maji au iodini ya sampuli fulani ikakauka. Ichomoe, tazama uso wake kwa lenzi ya jicho uliyoigeuza kinyume, inakuwa lupu nzuri. Na ukiirudisha, kuanzia hapo shusha lenzi ukitazama kwa pembeni mpaka ikaribie kioo, kisha ndipo uchungulie na kulenga kwa kuipandisha tu, kwa skrubu ndogo.